Bonane Nje ya Geti

Mama Angèle hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa jiko kwa mguu, akaziba pua kwa ncha ya kitenge chake, akaonyesha kwa kidole kizimba kilichokuwa chini ya ubao wa sufuria.

"Mama Élodie, hawa panya watatoka lini hapa kwangu?"

Nshobole alikuwa amechuchumaa akimenya viazi vitamu. Maganda alikuwa akiyatupa moja kwa moja kizimbani, na simbilisi kumi na wanne wasio na mkia, wanene kama ngumi mbili za mtu mzima, walikuwa wakiyagombania na kulia kwi-kwi-kwi. Hakusimama. Alimaliza kwanza kiazi alichokishika.

"Si panya, mama. Ni dende."

"Weye unajua ni dende. Mugeni akiingia ataona panya." Mama Angèle alishusha sauti. "Tarehe moja ya mwaka mpya watu wa Himbi, kule kwa matajiri, wanakuja, familia ya ule binti Aubin wangu anataka kuoa. Mara yao ya kwanza kukanyaga hapa, na wanakuja na motokari yao. Unataka waseme nini? Kama mwana wangu anakaa parseli moja na watu wanakula panya?"

"Waseme tu Bonane njema."

"Usinichekeshe. Nakupatia mpaka siku ya Mungu, Jumapili ya mwisho ya mwaka. Wasipotoka, mutatoka pamoja nao."

"Garanti ya miezi sita iko kwako, mama. Tumekaa miwili tu."

Neno hilo lilimchoma Mama Angèle, kwa sababu garanti ile, kodi iliyolipwa mbele, ilikuwa imekwisha kugeuka mabati mapya juu ya nyumba yake ya mbele. "Siku ya Mungu," alirudia, akaenda zake bila kufunga mlango.

Angèle hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa Butembo, aliyebakiwa na parseli moja, kiwanja cha mtaa wa Katoyi, mtoto mmoja wa kiume, na woga wa kudharauliwa. Nyumba ya mbele, ya mbao zilizopakwa rangi ya kijani, ilikuwa yake na Aubin. Vyumba viwili vya nyuma alivipangisha kwa Nshobole, mumewe Mirindi na watoto wao watatu, Élodie, Achille na Mapendo. Jiko lilikuwa la wote, na ndilo lililoleta maneno.

Nshobole alibaki akiwatazama wanyama. Alizaliwa upande wa Walungu, ng'ambo ya ziwa, kwenye boma lililokuwa na ng'ombe saba. Alipokuwa na miaka minane vita vya kwanza vilipita, na ng'ombe wote wakaenda na watu wenye bunduki, pamoja na mbuzi, kuku, hata sufuria ya kupikia ugali. Desemba ile mama yake alisema mwaka huu hakuna Bonane. Baba yake akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa dende. Walioswaga ng'ombe hawakuinama kutazama huko. "Bonane haiombi ruhusa kwa mutu wa bunduki," baba alisema, na kuanzia siku ile ikawa desturi ya nyumba. Kila mtoto alipewa dende wake siku ya Pasaka. Alimkatia majani, alimlinda na paka, na tarehe moja ya Januari alimleta mwenyewe kwa mikono yake. Baba ndiye aliyechoma, mikono ya shati imekunjwa, huku watoto saba wamekaa kwenye mkeka wakimeza mate kwa sauti. Hata baadaye ng'ombe waliporudi, wawili, halafu watatu, Bonane ya nyumba ile ilibaki ya dende.

Boma hilo liliungua miaka sita kabla ya hadithi hii, usiku mmoja, kwa mkono wa watu waliotoka porini. Baba alikufa mwaka uliofuata. Mama alikimbilia Bukavu, akapata kona ya kulala kwa dada yake. Hata kama nauli ya meli ingepatikana kwa watu watano, hapakuwa na mlango wa kwenda kuubisha. Walungu iliyobaki ilikuwa ndani ya kichwa cha Nshobole, na ndani ya kile kizimba.

*

Mirindi alirudi jioni kutoka sokoni Birere, mkoba wake wa karani umevimba. Aliufungua juu ya meza, akatoa majani ya kabeji yaliyochakaa aliyoyaokota chini ya meza za wauzaji, na chini kabisa akatoa kalamu mbili na daftari la depo, ghala la mizigo alimofanya kazi, vyote vikinuka kabeji. Hivyo ndivyo wanyama wale walivyoishi katika mji usio na majani, mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano.

Nshobole alimweleza habari ya Mama Angèle. Mirindi alisikiliza akivua tai. Alikuwa mtoto wa mji, mzaliwa wa Kadutu, na hakuwahi kuona dende akichomwa kabla ya kuoa.

"Tuwauze," alisema.

"Nani atanunua dende kumi na wane mbele ya Bonane?"

"Basi tuwapatie watu. Mama Élodie, sisi ni wapangaji. Mupangaji hapigane na mwenye parseli. Tutakula dagaa wa sambaza."

"Sambaza tunakula kila siku ya Mungu aliyeumba. Bonane ni siku moja."

Mirindi alikaa kitandani. Kwa muda alikunja na kukunjua ile tai. "Leo patron alinipatia ufagio," alisema hatimaye. "Toka barabara ya Sake ifungwe na vita, hakuna lori la maharagi, hakuna la viazi. Hakuna kitu cha kuandika. Akasema, Mirindi, kalamu haina kazi, shika ufagio. Nikafagia depo mbele ya wabeba mizigo. Walikuwa wananiita directeur."

Nshobole hakucheka wala hakumpa pole. Alichukua ile tai mkononi mwake, akaitundika kwenye msumari.

"Ndo maana," alisema.

"Ndo maana nini?"

"Ndo maana tutakula Bonane kama inavyofaa. Mwaka ukikupatia kila kitu, kusherehekea ni kazi ya nani? Hata mupumbavu anaweza. Papa aliianza mwaka tulikuwa tunakula kwenye jani, maana sahani zote zilibebwa."

"Na Mama Angèle?"

"Mama Angèle hana bunduki."

Mirindi aliguna, akajilaza akiangalia dari. Hakukubali, lakini asubuhi mkoba wake ulitoka mtupu na jioni ukarudi na kabeji.

*

Aliyeumia zaidi alikuwa Élodie. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na aliimba katika kwaya ya watoto ya parokia. Mwenzake mmoja, Olive, binti wa mwenye duka lililotazamana na geti lao, alikuwa amesikia maneno ya jikoni na kuyapeleka mazoezini. Siku tatu kabla ya Noeli, Élodie alipoanza ubeti wake wa peke yake, mtu mmoja nyuma alilia kwi-kwi-kwi. Kwaya nzima ikapasuka kwa kicheko. Mwalimu wa kwaya naye aligeuka upande, mabega yakimtikisika.

Alirudi nyumbani, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama, mimi sitakula."

"Hautakula nini?"

"Wale wanyama. Na wa kwangu mupatie Achille. Sitaki kuwa na mumoja."

Achille, aliyekuwa na miaka tisa, alirukia nafasi hiyo mara moja, lakini mama yake alimnyamazisha kwa jicho. Nshobole alimkalisha binti yake, akaanza kumwambia habari za mkeka, za babu aliyepiga magoti kando ya kitanda na kukunja mikono ya shati, za harufu ya mafuta yakidondoka motoni, iliyofika hadi kilima cha pili. Alisimulia vizuri, macho yake yaling'aa. Élodie alivumilia mpaka mwisho.

"Mama, kule kwenu kuliungua," alisema. "Wote walisambaa. Hii sherehe unaifanya, ni ya watu gani?"

Mapendo, kitinda mimba, aliacha kula. Mirindi, aliyekuwa akisoma daftari lisilo na mapya, aliinua uso. Nshobole alimsogezea sahani. Alisema tu, "Kula ugali yako, itapoa," akatoka kwenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwapo.

*

Noeli ilipita kwa wali na maharagi. Kutoka upande wa Sake mizinga ilisikika mara kwa mara, kama mtu anayeangusha magunia kwenye chumba cha juu, na watu wa Katoyi walizoea kunyamaza kidogo, kuhesabu, halafu kuendelea na maneno yao. Bei za sokoni hazikuzoeleka. Mbuzi walikuwa wakitoka Masisi, na Masisi haikupitika tena. Mama Angèle alikuwa amempa mchuuzi mmoja pesa tangu Novemba ili amletee dume la mbuzi kwa ajili ya wageni wake. Kila siku alitoka getini kutazama kama anakuja.

Jumapili ya mwisho ya mwaka, Nshobole na familia yake walienda misa ya pili. Waliporudi, waliona kundi la watu limejaa mbele ya geti, na kicheko kikipanda na kushuka. Kizimba kilikuwa kimelala ubavu katikati ya barabara, mlango wazi. Aubin alisimama pembeni na ufagio, kijana wa miaka ishirini na sita, uso umemshuka.

"Mama alinituma," alisema. "Samahani, Mama Élodie. Alisema ni leo siku ya Mungu."

Dende walikuwa wametawanyika. Barabara ile ilikuwa ya mawe meusi ya volkano, na kila upande ulikuwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, wenye matundu elfu. Wengine walikuwa wamekwisha kujichomeka humo. Mmoja alilala kimya karibu na mfereji. Chukudu, mkokoteni wa mbao uliobeba makaa, ilikuwa imepita juu yake. Mbwa wa jirani alikuwa akikimbia na mwingine mdomoni.

Nshobole alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kile cha ndoa ya mdogo wake. Alikikunja hadi magotini, akapiga magoti juu ya mawe mbele ya watu wote, akaanza kuita kwa ulimi. Watu walicheka zaidi. Mtu mmoja alisema, "Leo mama anatafuta nyama ya Bonane kwenye mawe!" Achille na Mapendo walikimbia huku na huku wakilia, na kila walivyokimbia ndivyo wanyama walivyozidi kuingia ndani.

"Musikimbie," sauti ilisema. "Munawaogopesha."

Alikuwa Sibomana, mtu wa makamo aliyekimbia Masisi na kuishi kwenye mahema ya upande wa Lushagala. Kila siku alikaa kando ya barabara ile akiponda mawe kwa nyundo ili kuuza kokoto. Katika miezi minane hakuna aliyewahi kumuuliza jina; siku ile alilitaja mwenyewe. Aliweka nyundo chini, akaja na gunia lake tupu. "Kwetu tulikuwa nao chini ya kitanda," alimwambia Nshobole. "Tuzibe matundu yote kwa mawe. Tunaacha moja tu. Pale naweka gunia. Leta majani, uyatikise. Watakuja wenyewe."

Mirindi alivua koti. Alitazama watu, akatazama viatu vyake, halafu akaanza kubeba mawe pamoja na Sibomana. Hata Aubin aliweka ufagio chini, akasaidia bila kusema neno, mgongo wake umeielekea nyumba ya mama yake.

Élodie alibaki getini, ameganda katika gauni lake la kwaya. Ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi ya duka, Olive alikuwa amekaa na wenzake wawili. "Élodie!" Olive aliita. "Panya yako iko hapa! Kuja kuichukua!"

Kweli, dende mmoja, mweupe mwenye doa jekundu shingoni, alikuwa amejikunja chini ya ngazi ile, akitetemeka. Alikuwa wa Élodie mwenyewe. Msichana alimwona mama yake amepiga magoti, damu imeanza kutoka kwenye goti moja, mkono wote umezama ndani ya ukuta. Alimwona baba yake, directeur wa ufagio, akibeba mawe na tai shingoni. Aibu ya siku zote zile iligeuka, ikawa hasira. Alivua viatu, akavuka barabara, akalala kifudifudi chini ya miguu ya Olive, akatoka na mnyama kifuani. Gauni lilikuwa jeusi kwa vumbi la mawe, magoti yamechubuka.

"Si panya," alisema, akimtazama Olive machoni. "Anaitwa dende. Na ni wa kwangu. Cheka sasa, niko nasikia."

Olive alitazama wenzake. Hakuna aliyecheka.

Walipata tisa. Wa Mapendo hakuonekana tena, na mtoto alilia mpaka akalala. Watano walikuwa wamekwenda.

Mama Angèle alitoka nje vumbi lilipotulia. "Hawaingii humu," alisema.

"Hawataingia," Nshobole alijibu. Alikuwa akifunga goti lake kwa kitambaa. "Papa Sibomana atawalaza kwake mpaka siku ya Bonane. Na siku ya Bonane tutapika hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Nje. Mbele ya geti."

"Kwa wageni wangu? Mbele ya macho yao? Mama Élodie, hautafanya vile!"

"Parseli ni ya kwako, mama. Sikatai. Lakini avenu, hii barabara, ni ya Leta, ni ya serikali."

"Leta! Leta iko wapi leo?"

"Kama haiko, basi avenu ni ya sisi wote."

Watu waliokuwa wamebaki walipiga kelele za kufurahi. Mama Angèle alivuta geti likagonga.

*

Tarehe moja Januari, jua lilipokuwa juu, Nshobole alipanga mawe matatu makubwa na mengine madogo mbele ya geti, akatandika mkeka kando yake. Alikuwa amewapeleka watoto wote watatu kwa Sibomana asubuhi, nao walirudi kila mmoja amebeba dende wake kwa mikono yake. Mapendo, ambaye wake alipotea, alipewa mmoja wa Sibomana wa kumtunza, kwa maana Sibomana alikuwa ameahidiwa wawili kwa kuwalaza wote. Wengine walikuwa ndani ya gunia. Wanne waliachwa hai kwa ajili ya mbegu. Mirindi alikunja mikono ya shati. Hakujua vizuri kazi ile. Alijiunguza kidole, akachoma manyoya ya mmoja vibaya, na mkewe alimwelekeza kwa kidevu tu, bila kumwondoa pale. Chumvi, pilipili, fimbo mbili zilizopishana, makaa. Mafuta yalianza kudondoka, na moshi wake ukatembea avenu nzima.

Motokari ya Himbi ilifika saa saba. Wageni sita walishuka, wamevaa vizuri, wakapita kando ya moto wakiitikia "Bonane!" ya watoto. Mzee mmoja miongoni mwao alipunguza mwendo, akageuza kichwa, akavuta hewa. Mama Angèle aliwaharakisha ndani.

Mbuzi hakuwa amefika. Mchuuzi alikuwa amerudi jana yake mikono mitupu, akisema mnyama alibaki kwa wanajeshi, na hakuwa na uhakika ni wanajeshi wa upande gani. Birere nyama ilikuwa imepanda mara tatu, kwa dola. Ndani ya nyumba ya kijani kulikuwa na wali, maharagi na samaki wa barafu. Wakwe hawapokelewi kwa samaki wa barafu.

Nusu saa haikuisha Aubin akatoka na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Alichuchumaa karibu na Nshobole.

"Mama Élodie, Bonane. Mama anaomba... anataka kununua. Wawili tu. Anasema uweke bei weye mwenyewe." Alitazama chini. "Tutawaambia ni sungura."

Nshobole aligeuza nyama kwanza. "Aubin, mwanangu, weye sina neno na weye. Rudi umwambie hivi. Siuzi. Na sitatoa nyama yangu iende kuitwa sungura mezani. Kama anaitaka, aje mwenyewe, aiite kwa jina lake, nami nitampa bure."

"Hatakuja, mama."

"Basi atakula samaki."

Mirindi alimnong'oneza mkewe, "Unazidisha." Élodie, aliyekuwa akipepea moto, alisema bila kuinua uso, "Hazidishi, papa."

Walipokaa kwenye mkeka, watu walikuwa kumi na mmoja: wao watano, Sibomana aliyevaa shati la kuazima, bibi mmoja jirani na wajukuu wake, na Olive, ambaye alikuwa amevuka barabara na kusimama kando mpaka Élodie alipomsogezea nafasi bila kumwangalia. Mikono ilinyooshwa kuelekea kwenye sinia. Nshobole akaizuia.

"Bado. Kwetu hatuanze hivi. Kwanza tunaita wale hawako. Kila mutu anaita wake. Hatuulize kama alikufa ao yuko muzima, ao yuko wapi. Unaita jina, na sisi tunajibu: sehemu yake iko. Mutoto mudogo ndo anaanza."

Mapendo alitazama huku na huku. "Dende yangu," alisema.

Wajukuu wa bibi walicheka. Nshobole hakucheka. "Sehemu yake iko," alijibu, na wengine wakafuata.

Achille aliita rafiki yake wa darasa aliyehamia Kampala. Olive, kwa sauti ndogo, aliita kaka yake aliyechukuliwa barabarani na hajarudi. Hakuna katika avenu aliyejua kama duka lile lilikuwa na mtoto mwingine. Élodie aligeuka, sasa akamwangalia. Kisha akaita yeye mwenyewe, "Babu wa Walungu, Muzee Buhendwa. Sikumuona vizuri. Lakini nimemubeba hapa," na akaonyesha magoti yake yaliyochubuka kwenye mawe.

"Sehemu yake iko."

Geti lilifunguka. Mama Angèle alitoka amevaa kitenge kipya na dhahabu masikioni, ile sahani mkononi, bila kitambaa. Alitembea moja kwa moja hadi ukingoni mwa mkeka.

"Mama Élodie."

"Mama Angèle. Bonane."

"Bonane." Alinyoosha sahani. "Ule muzee wa Himbi ananiuliza harufu inatoka wapi. Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini, mama?"

Mtu mmoja alikohoa ng'ambo.

"Dende," alisema Mama Angèle, kwa sauti ambayo hata Aubin aliyebaki getini aliisikia. "Nipatie dende."

Nshobole alichagua wawili waliokauka vizuri kuliko wote, akawaweka kwenye sahani, akamwongezea pilipili ukingoni. Mama Angèle aliinama kidogo, kama mtu apokeaye mikononi mwa mkubwa, akageuka kwenda. Lakini zamu ilikuwa imemfikia Sibomana, na Sibomana alikuwa amekwisha kusimama.

"Mama yangu, Nyirabazungu," alisema.

"Sehemu yake iko."

"Muke yangu, Uwimana. Mutoto yangu Semahane. Mutoto yangu Ntawuha, ule alikuwa anasoma. Mudogo wake." Alisita. "Mudogo wake alikuwa bado hajapewa jina."

"Sehemu yake iko," walisema, na bibi jirani akafunika uso kwa leso.

Alikuwa amenyoosha mikono kando ya mapaja, kama mwanafunzi. Aliita ndugu zake. Aliita jirani wa juu na jirani wa chini. Aliita katekista wa kilima chao na muuzaji chumvi wa sokoni. Mafuta yalianza kuganda kwenye sinia. Ndani ya nyumba ya kijani mtu aligonga kijiko mezani, akaacha. Mama Angèle alitazama sahani yake, akatazama geti, akabaki amesimama alipokuwa.

Upande wa Sake mzinga ulilia, wa karibu kuliko wa siku zote. Mabati mapya yakatetemeka. Wa pili ukafuata. Watu wa ng'ambo walianza kuingiza watoto ndani. Mirindi alishika bega la mkewe. "Tuingie. Tutamalizia ndani."

"Hatujamaliza," Nshobole alisema.

Sibomana alikuwa ameacha kuita, macho yake yameelekea huko sauti ilikotoka, ambako ndiko kwao. "Wako wengi, mama," alisema. "Chakula inapoa. Acha tu watoto wakule."

Nshobole aliongeza makaa mawili motoni, akapuliza mpaka yakashika. Watoto hawakusogea. Élodie alikuwa amekunja mikono mapajani, akimngoja.

"Waite wote, papa," Nshobole alisema. "Nyama inarudi kwa moto."

Sibomana akavuta pumzi, akaita jina la kumi na tatu.